Paka wa kuokota: kipi kilipiwe kwanza, na dawa ipi usiiguse

Mwezi wa Aprili, mvua ya asubuhi ilipokatika, mtoto wa jirani alinigongea mlango akiwa na kavera, mfuko wa plastiki, nyeusi mkononi. Ndani mlikuwa na kitu kinachopumua. "Mjomba, alikuwa mtaroni. Hana mwenyewe."

Huku Nsambya, Kampala, karibu na kambi ya polisi, makabila yote hukutana kwenye Kiswahili, kwa hiyo mjadala uliozuka pale uani niliufuata neno kwa neno. Mmoja akasema mnyweshe maziwa ya ng'ombe. Wa pili akasema mpe nusu Panadol, huyu ana homa. Wa tatu, afande mstaafu mwenye ng'ombe kijijini, akashauri nimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe, viroboto vitakwisha siku hiyohiyo. Mama mmoja mjamzito alirudi nyuma hatua tatu na kujifunika pua kwa mtandio. Jambo walilokubaliana wote ni moja: daktari wa paka ni wa watu wa Kololo, mtaa wa matajiri, sisi wengine hatumwezi.

Kati ya ushauri wote huo, miwili ingemuua paka yule kabla ya magharibi. Na ule uliokubaliwa na wote si kweli, ila naelewa ulikotoka. Mtu humpeleka paka kwa daktari siku ambayo hali ni mbaya tayari, akatajiwa bei ya dharura, akarudi mtaani akisimulia kwamba paka ni ghali. Kwa paka wa kuokota, nafuu hutokana na mpangilio: kipi unalipia kwanza, kipi unafanya mwenyewe nyumbani, na kipi usijaribu kabisa hata kama ni cha bure.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Paka aliyetelekezwa ni yule aliyewahi kuwa na nyumba. Mwenyewe kahama, au kachoka naye, akamwacha. Huyu ukimwita anakuja, anajisugua miguuni, anakutazama usoni. Paka shume ni mwingine: kazaliwa mtaani, mkono wa mtu haujui, na ukimbana pembeni atakurarua. Tofauti hii inagusa mfuko moja kwa moja. Wa kwanza unamweka kwenye boksi lenye matundu na kupanda naye taksi mpaka kliniki. Wa pili anahitaji mtego, na mara nyingi dawa ya kumtuliza kabla hata hajaguswa, na si lazima umgeuze awe paka wa sebuleni. Ukimhasi, ukamchanja na kumrudisha alikotoka, umemtendea mengi. Katika miji mingi wanaofanya kazi hiyo hukata kidogo ncha ya sikio la paka akiwa bado amelala kwa dawa, ili asije akakamatwa tena bure. Kwa hiyo ukiona paka wa mtaani ana sikio lililokatwa nchani, limenyooka kama kwa mkasi, usimwonee huruma. Huyo kashughulikiwa.

Kuna pia neno "daktari", na hapa watu wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Ukienda Container Village pale Nakivubo, au duka lolote la pembejeo, utakuta dawa za mifugo zimepangwa rafu nzima, na muuzaji aliyevaa koti jeupe. Koti si cheti. Daktari wa mifugo ni mtu aliyesomea kazi hiyo chuo kikuu na kusajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Uganda. Una haki ya kuuliza, na aliyesajiliwa hakasiriki. Muuzaji wa duka anaweza kuwa mjuzi sana wa kuku na ng'ombe, lakini paka si ng'ombe mdogo.

Mimi mwenyewe niliwahi kuyalipia hayo. Miaka kadhaa nyuma nilimnunulia paka wangu wa kwanza unga wa viroboto, muuzaji akaniapia kwamba unafaa mnyama yeyote. Nilimpaka jioni. Usiku wa manane paka alikuwa anatetemeka kama aliyemwagiwa maji ya barafu, mate yanamtoka, miguu imekakamaa. Nilimwosha kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu mara tatu, nikamfunga kwenye taulo, nikakesha. Alipona. Daktari aliyemwona kesho yake alisoma kopo na kunionyesha neno moja lililochapishwa kwa herufi za kisisimizi: permethrini. Mbwa huvumilia. Kuku huvumilia. Paka, hapana. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe zina ndugu wa permethrini, au zina amitrazi, ambayo nayo ni sumu kwa paka. Paka hujilamba mwili mzima, kwa hiyo unachompaka mgongoni umemlisha.

Na Panadol? Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo inayoua paka wengi kwa nia njema. Fikiria mvua ya Kampala. Maji mengi ya mjini hupita mfereji wa Nakivubo. Mfereji ukiwa wazi, hata mvua kubwa inapita. Ukiziba, mvua ya nusu saa tu, watu wa pale Clock Tower wanavua viatu. Ini la mtu lina mfereji mpana wa kutolea parasetamoli, dawa iliyomo ndani ya Panadol. Ini la paka lilizaliwa na mfereji mwembamba mno kwa kazi hiyo. Dawa inajaa, inageuka sumu, inaharibu damu yenyewe isiweze kubeba hewa. Ndani ya saa chache fizi za paka, ambazo zinatakiwa kuwa za waridi, zinageuka kahawia kama chai ya rangi, uso unavimba, na anahema kwa shida. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima. Kwa yule wa kwenye kavera, hata kipande kingetosha. Ibuprofeni na diklofenaki ziko kundi hilohilo la usithubutu. Kama umeshampa, usingoje kuona itakuwaje. Kimbia kliniki, na ubebe pakiti ya dawa.

Tabia ya kukatakata vidonge vya watu inafika hadi kwenye dawa za minyoo. "Si ile wanayopewa watoto shuleni?" Albendazoli ya watoto inaweza kudhuru uboho wa paka, pale damu inapotengenezwa. Za paka zipo, na ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika safari hii yote.

Sasa nirudi kwa wa kwenye kavera, maana kwake mpangilio unaonekana vizuri.

La kwanza halikuwa dawa. Lilikuwa joto. Kitoto cha paka kilicholowa hakiwezi kujipasha chenyewe, na ukimlisha akiwa baridi tumbo halisagi kitu. Chupa ya soda ya plastiki yenye maji ya moto, nikaizungushia kitenge, nikamlaza kando yake, si juu yake. Baada ya saa moja alianza kulia, na sijawahi kufurahia kelele kama siku ile. Halafu nikampeleka dukani kwa Hajati, tukamweka kwenye mizani ya sukari. Gramu 600. Kitoto cha paka anayekua vizuri huongeza karibu gramu mia kwa wiki: mwezi mmoja ana kama 450, miezi miwili anakaribia kilo. Kwa hiyo wetu alikuwa na kama wiki sita, meno yapo, anaweza kula mwenyewe. Mizani ya duka ilinipa jibu ambalo kliniki ingeniuliza kwanza, kwa sababu kila dawa ya paka hupimwa kwa uzito. Hajati aliifuta mizani kwa jiki mara mbili, akinikodolea macho.

Kama angekuwa mdogo zaidi, chini ya wiki tatu, hawezi hata kukojoa bila msaada. Mama yake humlamba. Wewe unatumia pamba yenye maji ya uvuguvugu, unamfuta taratibu huko nyuma kila baada ya kumlisha. Na analishwa akiwa amelala kifudifudi, kama anavyonyonya kwa mama yake, si kwa kupinduliwa chali kama mtoto mchanga, la sivyo maziwa yanaingia mapafuni.

Maziwa ya ng'ombe: hayaui papo hapo, lakini huwaharisha paka wengi, na kitoto anayeharisha hukauka maji kwa siku moja. Aliyekwisha kuota meno mpe nyama au samaki aliyesagwa laini. Mukene, ile wanayoiita omena Kenya na dagaa Tanzania, ni chakula kizuri sana ukiosha mchanga wake na kuichemsha bila chumvi wala vitunguu. Vitunguu ni sumu kwa paka. Mapafu na mabaki ya buchani nayo yanafaa yakichemshwa. Kisichofaa ni posho, yaani ugali, iliyopakwa mchuzi. Paka ni mla nyama kwa maumbile, kuna virutubisho ambavyo mwili wake hauwezi kujitengenezea, na akivikosa kwa muda mrefu huharibika moyo na macho. Posho inajaza tumbo tu.

Kuhusu viroboto: kitana cha meno madogo, bakuli la maji ya sabuni, na subira. Unachana, unachovya, kiroboto kinazama. Inachosha, lakini ni bure na haimuui. Ukiona vitu kama punje za mchele vimekauka karibu na mkia wake, hizo ni pingili za tegu, na tegu huyo kamtoa kwenye kiroboto alichokimeza akijilamba. Ukitibu tegu ukaacha viroboto, umelipia dawa ambayo utainunua tena.

Choo chake kilikuwa karai kuukuu lenye vumbi la mbao. Mafundi wa Ndeeba watakujazia gunia na kukushukuru.

Kama una paka mwingine nyumbani, mgeni akae peke yake chumba kingine, hata bafuni, kwa wiki mbili. Sababu ni ugonjwa mmoja hasa, panleukopenia, virusi vinavyoshambulia utumbo na kumaliza chembe nyeupe za damu. Kitoto anatapika, anaharisha, anainamia bakuli la maji bila kunywa, na siku mbili baadaye hayupo. Virusi hivyo vinaweza kuishi sakafuni hadi mwaka mzima. Sabuni ya kawaida haiviui. Jiki inaviua, sehemu moja ya jiki kwa sehemu thelathini na mbili za maji, sakafu ikiwa imeshasafishwa na paka ameondolewa.

Hapo ndipo pesa ya kwanza inapoingia: uchunguzi mmoja wa daktari, dawa ya minyoo, na chanjo. Chanjo ya paka huwa mbili. Ile ya mchanganyiko inazuia panleukopenia pamoja na virusi viwili vya mafua na macho, huanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afike wiki kumi na sita. Nyingine ni ya kichaa cha mbwa, kuanzia miezi mitatu, kisha inarudiwa baada ya mwaka. Watu huniuliza kwa nini isipigwe mara moja tu. Kitoto alirithi kinga kidogo kwenye maziwa ya mama yake, na kinga hiyo, kama bawabu wa zamani ambaye hajaondoka, humzuia mgeni kuingia, hata mgeni huyo akiwa ni chanjo. Hujui siku ipi bawabu ataacha kazi. Ndiyo maana unagonga tena na tena.

Jina "kichaa cha mbwa" limewadanganya wengi. Paka naye huugua na huambukiza, ingawa karibu vifo vyote vya watu kutokana na ugonjwa huu husababishwa na mbwa. Wilaya na mamlaka za miji huendesha kampeni za chanjo, mara nyingi karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Watu huburuta mbwa kwa minyororo, nami ndiye mjinga pekee kwenye foleni mwenye boksi. Nenda na paka wako. Na paka usiyemjua akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili ukitazama saa, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Wapi utampata daktari kwa bei ya kibinadamu? Makerere, chuo kinachofundisha madaktari wa mifugo kina kliniki ya wanyama wadogo, ambako wanafunzi hujifunza chini ya walimu wao. USPCA, chama cha Uganda cha kulinda na kutunza wanyama, chenye makazi ya wanyama yanayoitwa The Haven, kinashughulika na mbwa na paka waliotupwa. Wapigie, waeleze, uliza siku zao za kuhasi. Usimwache paka getini usiku ukakimbia. Halafu yupo afisa mifugo wa wilaya, ambaye kwa wengi walio nje ya Kampala ndiye daktari wa karibu kabisa. Na kliniki binafsi, ambazo si zote ni za Kololo.

Kabla hujatoka nyumbani, piga simu. Sema uzito, umri, dume au jike, anakula au amekataa kula. Ukitajiwa bei ya upasuaji uliza: hiyo ina dawa ya usingizi ndani yake? Dawa ya maumivu? Kumwona tena baada ya siku kumi? Bei ndogo ambayo dawa ya maumivu haimo si bei ndogo. Na yeyote atakayekuambia atamhasi dume kwa wembe bila ganzi, "kama tunavyofanya kwa ndama", kata simu. Hapa uani kwetu tumefanya jambo lililotusaidia sana: nyumba nne zenye paka tumechanga kama kwenye upatu, daktari anakuja siku moja kuchanja wote, na gharama ya safari yake tunaigawana.

Sasa yule mama aliyejifunika pua. Anaogopa kitu cha kweli kwa sababu isiyo ya kweli. Manyoya ya paka hayaharibu mimba. Kuna kimelea, toksoplazma, kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni ikiwa mama ataambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito. Paka hukitoa kwenye kinyesi, kwa kawaida wiki chache tu katika maisha yake yote, na kinyesi hicho huhitaji siku moja hadi tano kabla hakijaweza kuambukiza. Kwa hiyo choo kikisafishwa kila siku na mtu mwingine, hatari inayobaki hapo ni ndogo sana. Watu wengi hukipata kimelea hicho kwenye nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa. Nilimwambia hivyo, akaniuliza kama muchomo, ile nyama ya kuchoma, anaokula Ijumaa umeiva vizuri. Sikuwa na jibu zuri.

Kuna na "UKIMWI wa paka". Virusi hivyo vipo kweli, viligunduliwa Marekani mwaka 1986, na hupita kwa kuumana, ndiyo maana madume wanaopigana usiku ndio wenye navyo zaidi. Havimwingii mtu, hata akiumwa. Mapunye na choa ni hadithi tofauti: hayo kweli hutoka kwa paka kwenda kwa mtoto, ni ukungu wa ngozi, yanatibika, na hayahitaji mtu kuhama nyumba.

Kuhasi ndiko kunakokwepwa zaidi, na ndiko kunakookoa pesa nyingi zaidi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne, hubeba kama siku sitini na tatu hivi, na anaweza kuzaa mara mbili au tatu kwa mwaka. Ile kauli ya "mwache azae mara moja kwanza" haina faida yoyote kwa afya yake. Tena akihasiwa mapema, hatari ya saratani ya matiti hupungua sana.

Dume ana dharura moja ambayo usiingoje hata kama huna shilingi: anaingia chooni mara kwa mara, anajikamua, analia, na hakuna kinachotoka. Watu hudhani kafunga choo, wanampa mafuta ya kula. Mara nyingi njia ya mkojo imeziba, na baada ya siku moja au mbili sumu inamfika moyoni. Panda boda usiku huohuo, lipa kidogokidogo baadaye kama daktari atakubali.

Wetu ni jike. Watoto wamemwita Kavera. Chanjo ya pili tayari, na mizani ya Hajati inasema kilo moja na robo. Mama yake tumemwona, yupo nyuma ya bucha chini ya ngazi, tumbo limeanza kuteremka tena. Afande ametuazimia kreti la soda na kamba ndefu. Jumamosi daktari anakuja, kwa hiyo Ijumaa usiku tunamtega kwa mukene.